Mnyaa wa Bi Mwajuma

Mwaka 1954, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shida ikaanza hapo hapo. Mama alinishika mkono, tukatoka Ilala na godoro moja na sufuria mbili mpaka Kariakoo. Bi Mwajuma, mjane mwenye nyumba karibu na Mtaa wa Msimbazi, akatupa chumba cha uani. Shule niliishia darasa la pili. Siombi pole, nasimulia tu.

Enzi zile uani ndiko kulikuwa dunia nzima. Asubuhi harufu ya vitumbua vya mama, jioni michezo ya mdako na rede mpaka miguu inageuka rangi ya vumbi. Mtu mzima yeyote akikukuta umekosa anakuchapa, kisha anakupeleka kwenu ukaongezewe. Mtoto wa leo ukimkaripia anakuuliza, "Bibi, kwani wewe nani?"

Uani pale palikuwa na mnyaa, mrefu kunizidi, ndani ya debe la mafuta ya taa. Hauna majani ya maana, vijiti vya kijani tu, vinene kama vidole. Ukiuvunja unatoa maziwa meupe, na yakikuingia jichoni utajuta. Bi Mwajuma alikuja nao kutoka Kilwa alipoletwa bibi harusi, kijiti kimoja ndani ya kikapu. Mume alikufa, mnyaa ukabaki. Asubuhi aliusalimia mti kwanza, sisi baadaye.

Basi binti yake akajifungua huko Kilwa, Bi Mwajuma akafunga safari kwenda kumlea arobaini.

"Zena, mti wangu nakuachia wewe. Nikirudi niukute mzima."

Alipoondoka mama akaniambia, "Huo ukifa, mwanangu, godoro letu litalala barabarani." Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikaulea hasa! Bondeni Jangwani watu walilima mchicha, unatoka mpaka unang'aa. Nikabeba ule udongo mweusi kichwani, safari tatu, nikalijaza debe. Kila asubuhi nikaumiminia maji ya kuoshea mchele, maana mama alinifunza hayamwagwi bure. Baada ya wiki mbili shina likawa la njano, laini kama ndizi mbivu, mti ukainama. Nikaongeza maji.

Ami Salim, Mwarabu mwenye duka pale pembeni, alikuja kuchukua vitumbua akauona.

"We mtoto, unalea mti au unafuga bata?"

"Una kiu, Ami."

"Kiu gani! Kwa babu zangu mvua inakosa mwaka mzima, na miti kama huu imesimama. Umeuzamisha!"

Nikaangua kilio. Akaniletea kisu na gunia la kujifunga mikono. "Kata juu, penye uzima. Chini tupa." Nikakata, nimegeuza uso pembeni, maziwa yanachuruzika. Nikauweka kivulini siku kumi mpaka kidonda kikakauka. Debe nikalitoboa chini kwa msumari, nikajaza mchanga na kokoto, nikapanda. Na kila akipita Ami anapiga kelele: "Usiuonee huruma! Maji acha!"

Siku ya arobaini na tatu Bi Mwajuma akarudi. Mti ulikuwa unanifika kiunoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mti wangu umekaa chini?"

"Niliuozesha, Bibi. Nikaukata. Umeshika mizizi, uvute uone."

Mama, wallahi, alikuwa ameshaanza kukunja godoro. Bi Mwajuma akainama, akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena. Kisha akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Binti yangu ana mtoto wa arobaini na hajui kumwogesha. Huyu kazalisha mti! Mama Zena, kunjua godoro lako."

Tukakaa pale miaka kumi na moja.

Leo Kariakoo ni maghorofa, uani wameegesha magari, na mpangaji anamjua mwenye nyumba kwa namba ya simu. Wajukuu wangu wamepamba sebule kwa maua ya plastiki, Jumamosi wanayapangusa vumbi. Nikiuliza yametoka kwa nani, wananiambia dukani. Natamani wangeozesha hata mti mmoja wa kweli.

Mimi leo nina nyumba ya vyumba sita Buguruni. Duka la vyombo Kariakoo. Mashine mbili za kukoboa. Kiwanja Kigamboni. Vyote vina hati, na hati zote zina jina langu; godoro langu hakuna wa kulikunja.