Mama Kabula Alivyopita Mbele ya Kikao

Mwanangu, ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na leo nitakusimulia utake usitake. Jana nilikusikia dukani ukisema wale vijana wa kijiweni waliorudi kutoka machimbo ya Geita ni genge, wafukuzwe mtaani wote. Nilinyamaza kwa kuwa kulikuwa na watu. Sasa kaa, kunywa chai yako, unisikilize.

Mimi nilikuwa genge. Usinitolee macho. Tulikuwa vijana wachache tuliotoka kuchimba dhahabu tukarudi mikono mitupu, tukawa tunabeba magunia ya mpunga hapa Kahama na kulala nyuma ya mashine ya kukoboa. Tulikuwa wachafu, tukicheka tunacheka kwa sauti, na hilo tu lilitosha watu kuvuka barabara wakituona. Kisha mkanda wa mashine ukaibwa. Sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakakaa kikao wakatufungia sote. Wewe hujui kufungiwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuuzia hata chumvi, hupewi moto wala maji, na ukifiwa hakuna mguu utakaoingia kwako. Anayekiuka anafungiwa na yeye.

Mwenzetu Masanja ndiye pekee aliyekuwa na kwao mjini, nyumba ya mama yake. Wazee walimwambia yule mama amfukuze mwanawe, akasema hamfukuzi mtoto aliyemzaa mwenyewe. Wakamfungia pia. Yule mama alikuwa anaumwa kifua tangu masika, na asubuhi moja akafariki.

Mwanangu, sisi mambo mengine yote tungeyaweza, kubeba na kuchimba na kulia. Lakini kumwosha marehemu? Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, na Masanja asingethubutu kumvua mama yake nguo. Jua likapanda. Tulikaa uani tukiwasikia wanawake wa jirani wakitwanga na kuita watoto, na hakuna aliyekuja. Masanja alikuwa kando ya kitanda anamfukuzia mama yake nzi kwa khanga. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Hapo jirani aliishi Mama Kabula, mjane, mpika uji sokoni, mfupi na mkali wa maneno. Binti yake Kabula alikuwa amechumbiwa, na wakwe walikuwa waje juma lile lile. Mama akifungiwa, ndoa ya mtoto ingeharibika. Kila mtu alilijua hilo, na yeye kuliko wote.

Kikao kilikuwa kimekaa njiapanda, wanaume na pinde zao. Tukamwona anatoka kwake na ndoo ya maji ya moto kichwani, khanga mpya begani. Ilikuwepo njia ya nyuma, kupitia kwenye mihogo. Hakuifuata, alikwenda moja kwa moja pale walipokaa.

"Mayu," mwenyekiti akamwita, maana Wasukuma mama wa watu humwita hivyo hata wakiwa wamemkasirikia, "unajua unakokwenda?"

"Kwa jirani yangu."

"Nyumba ile imefungiwa."

"Nimesikia. Nikirudi mnifungie na mimi. Sasa nipisheni, maji yanapoa."

Wakampisha. Wanaume wazima walivuta miguu yao, akapita.

Alipofika uani, Masanja alimpigia magoti. "Inuka, baba, nipe beseni," akamwambia. Kisha akatugeukia sisi. "Na ninyi mmekaa tu? Mji mzima unawasema kwa uchimbaji wenu. Haya, kachimbeni kaburi. Sururu iko nyuma ya jiko langu." Tukachimba, mwanangu, kuta zimenyooka, udongo mgumu wa huku unaujua. Tuliporudi tukakuta wanawake wawili wamejifunga khanga kiunoni wanakoka moto. Baadaye wakaja wengine. Hakuna aliyeeleza kwa nini amechelewa, na Mama Kabula hakuwauliza.

Baada ya maziko alitukusanya. "Leo nimesimama upande wenu na watu wameniona. Aliyechukua mkanda anajijua. Asinifanye mjinga." Luhende, mkimya kuliko sote, akaanza kulia. Kesho yake mchana kweupe akaubeba mkanda begani mpaka kwenye kikao. Walimchapa, na alistahili. Sisi wengine tukafunguliwa.

Mama Kabula walikuwa wamemfungia siku ile ile kwa kuwapita mbele ya macho yao, na yeye hawakumfungulia. Walimwacha hivyo mpaka mavuno, na wakwe hawakuja. Uji wake tuliunywa sisi, makusudi, asubuhi na jioni, mbele ya sungusungu wale wale, mpaka wakachoka kututazama. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alijuta. Akaniambia kila alipomwona Kabula amekaa peke yake alijuta, na kwamba hata hivyo angepita tena. Sijawahi kumheshimu binadamu kama nilivyomheshimu yule mama.

Basi sikiliza. Sikuambii uwapende wezi. Mwizi ashikwe yeye, kwa jina lake. Ninachokataa ni kulifungia kundi zima kwa kosa la mmoja, na mama zao juu. Wale wa kijiweni wasalimie, uyajue majina yao. Ukiwa rafiki yao, uwe na ubavu wa kumwambia mkosaji arudishe cha watu. Kwao kukiwa na msiba nenda mapema, usichungulie kwanza kuona nani mwingine ameenda. Na jambo hilo likikugharimu, usije kwangu kulalamika. Yule mama aliijua gharama kabla hajatoka kwake.

Mungu akutunze, mwanangu. Siku watu watakapoipa nyumba yako mgongo, akuletee mtu mlangoni mchana kweupe. Na akitafuta wa kumtuma kwenye nyumba ya mwingine, akukute umeshasimama.