Chuma Chenye Masikio

Aliyeniambia kwanza kwamba chuma cha vitumbua kina masikio ni bibi yangu mzaa baba, Bibi Mwajuma, nilipokuwa mtoto wa darasa la pili. Tulikuwa uani, katika nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, akikipaka chuma chake mafuta ya nazi kwa kitambaa alichokifunga kwenye kijiti. Nilimwuliza jambo, hakunijibu. Nikamwuliza tena, kimya. Moshi ulipokatika ndipo aliponigeukia.

"Nilikuwa nakilisha," alisema. "Anayekilisha chuma hasemi. Ukisema, kinaacha kunywa mafuta, kinasikiliza maneno. Siku ya kuchoma kinakushikia vitumbua kwa hasira."

Maneno hayo yaliniingia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtoto nisiyesema. Wenzangu waliniita bubu. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, nilitazama sakafu. Pale uani tu, mbele ya makaa ya Bibi, kunyamaza kulikuwa kazi kama kazi nyingine.

Chuma chenyewe kilikuwa kizito hata nilihitaji mikono miwili kukinyanyua. Kilikuwa na mashimo saba, cheusi, kinang'aa kama ngozi ya mtu aliyetoka kujipaka mafuta. Bibi alikinunua mkoloni akiwapo, kwa Mwarabu mmoja mwenye duka. Mama alitwanga mchele na kukoroga unga kwa tui na iliki, lakini chuma kilikuwa cha Bibi. Wachukuzi wa sokoni walikunywa chai barazani kwetu kila asubuhi, na vitumbua vile ndivyo vilivyotulisha katika miaka ile ya foleni, wakati mshahara wa Baba haukufika popote.

Kisha Bibi akafariki.

Siku ya arobaini yake, Bi Zuhura, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, aliwaongoza akina mama kuosha vyombo vya marehemu. Kwao vyombo vya aliyekufa huoshwa mpaka vitakate, asije akavirudia. Walisugua kwa makumbi ya nazi, mchanga na majivu. Sabuni ilikuwa haipatikani, lakini Bi Zuhura alitoa kipande chake mwenyewe alichokificha sandukuni. Walikisugua chuma kwa zamu, wakimwombea Bibi, mpaka kikawa cheupe kama kisu kipya.

"Haya, sasa apumzike," alisema Bi Zuhura, jasho likimtoka. Mama alimshukuru kwa machozi.

Asubuhi iliyofuata vitumbua vilishika. Mama alivichokoa kwa spoki ya baiskeli, vikatoka makombo. Aliongeza mafuta, vikashika vilevile. Ikawa hivyo kila siku, na wachukuzi wakaanza kunywa chai yao kwingine. Mama alizunguka Kariakoo nzima kutafuta chuma kingine. Rafu za maduka zilikuwa tupu. Alichopata ni kikaango cha bati kilichounguza nje na kuacha unga mbichi ndani.

Bi Zuhura alipoona makombo alijifunika mdomo kwa kanga. "Mama Hadija, chuma hiki kinamlilia mwenyewe. Chuma kinacholia hakikai na watu, mwenzangu. Kitaita mwingine humu ndani."

Habari zikafika Buguruni, kwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mali za Bibi. Akatuma salamu kwamba Jumamosi angekuja kukichukua, akipeleke mtaa wa Gerezani kwa wafua vyuma, kikavunjwe.

Usiku ule nilimwambia Mama, "Hakilii. Kina njaa."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Kinalishwa, na anayekilisha hasemi."

Mama alikuwa mcheshi, mtu wa kujibu kila salamu inayopita barabarani hata mikono ikiwa kwenye unga. Alinitazama, akatikisa kichwa. "Basi hapo mimi siwezi. Kilishe wewe."

Jumamosi nilianza mapema. Nilikipaka mafuta ya nazi kidogo, nikakifuta mpaka kikaonekana kama hakina kitu, kama alivyofanya Bibi, kisha nikakiweka juu ya makaa mapole. Kilitoa moshi. Moshi ulipokatika nilikiacha kipoe, nikakipaka tena. Mama alikuwa amejaza mafuta mashimoni hadi kuelea. Mimi nilikuwa mchoyo kama Bibi.

"Wee bubu, leo umeolewa na chuma?" Bi Zuhura alinitania. "Hata bwana arusi hatazamwi hivyo!" Wapangaji wakacheka. Sikuinua macho. Chuma kilikuwa kimeanza kupata rangi ya chai.

Ndipo niliposikia hodi ya Baba Mkubwa. Aliingia uani na gunia mkononi, akaja kusimama mbele yangu. Moshi ulikuwa bado unatoka mashimoni.

Mtoto wa kwetu hamwoni mkubwa wake akakaa kimya. Hata mimi, bubu, shikamoo ilinitoka kila siku. Baba Mkubwa alisubiri. Niliona miguu yake, viatu vyenye vumbi la Buguruni, na pindo la gunia. Neno lilinifika kooni. Nilibana meno, nikageuza chuma upande moto ulipopungua.

"Watoto wa mjini siku hizi hawaamkii watu?" alisema.

Bi Zuhura mwenyewe aliacha kucheka. Machozi yalinidondoka, moja likalia chwaa juu ya chuma.

Mama alitoka mbio jikoni. "Shikamoo, shemeji. Usimhukumu. Anakilisha. Marehemu Mama alimfundisha kwamba anayekilisha hasemi."

"Mama alisema hivyo?"

"Ndivyo anavyosema mtoto."

Baba Mkubwa akalikunja gunia. "Mimi alinifukuza hapo hapo kwa mwiko," alisema taratibu. "Nilikuwa na maneno mengi." Akavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakikalia, akatazama moshi mpaka ukakatika. Alipoondoka alisema, "Nitalala kwa rafiki yangu hapo Ilala. Asubuhi narudi. Kikishika, nakibeba."

Nilikilisha mpaka magharibi.

Leo chuma kiko kwangu, na ninaandika haya mwanangu akiwa amelala ubavuni. Nimekuja kuelewa kwamba ule weusi ulikuwa mafuta ya miaka mingi yaliyoshikana na chuma, na kwamba akina mama wale waliuondoa kwa mapenzi. Naelewa pia kwamba mtu anayepiga soga husahau moto. Lakini kama kina masikio au hakina, siwezi kuapa, na sijawahi kukijaribu kwa kusema. Ninachokijua ni kwamba siku ile nilishika neno la marehemu mbele ya mkubwa aliye hai, na kwamba tangu hapo kunyamaza kwangu hakujanitia aibu tena.

Asubuhi ya Jumapili ile nilikuwa mbele ya makaa kabla ya jogoo wa jirani. Mkupuo wa kwanza ulishika kidogo pembeni; niliwapa kuku, kama Bibi alivyofanya siku zote. Mkupuo wa pili niliuzungushia spoki, na kila kitumbua kiligeuka chenyewe, chekundu, kizima. Mama alipiga kigelegele hadi Bi Zuhura akatoka na kanga moja.

Baba Mkubwa alikuwa ameshaketi barazani, gunia magotini. Nilimpelekea sahani kwa mikono miwili, nikapiga goti.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," nilisema, kwa sauti ambayo hata wachukuzi waliokuwa wakipita barabarani waliisikia. "Hiyo ya jana. Na ya leo, shikamoo."