Kipa wa Akiba na Helikopta

Harufu ya rangi mbichi hunirudisha uani kwetu, baba akiandika namba za jezi kwa brashi. Yeye ndiye aliyekuwa kocha wa timu yetu ya mpira. Kipa wetu mkubwa alikuwa amechukuliwa na kampuni ya gesi awe mlinzi, tukabaki na kipa wa akiba, kijana mwembamba, fundi cherehani.

“Mama watoto, msimu huu mabeki wetu hawapitiki,” baba alisema. “Na kijana yule akidaka, kadaka.”

Kwenye mechi ya kujipima nguvu kijana akadaka shuti kali, tukapiga vigelegele. Mara helikopta ya kampuni ya gesi ikapita juu yetu. Mabeki wakaipungia. Kipa naye akaipungia, kwa mikono miwili. Mpira ukamdondoka, ukabiringika taratibu mpaka golini.

Nilibana kicheko. Baba akamgeukia mama, aliyesimama naye kando ya uwanja.

“Lakini umeona? Mabeki hawakupitwa.”