Njia ya Damu Kichwani mwa Shangazi

Walisema sitaweza. Mjomba alitangaza mbele ya watu, kijijini Usoke, kwamba mtoto aliyekulia kwenye bani la kukaushia tumbaku hawezi kusomea mabomba ya maji. "Atarudi na tai, shati hana." Nilirudi na stashahada, pikapu, na akiba ya Uarabuni iliyonijengea nyumba mtaa wa Isevya, Tabora mjini. Babu zangu walitembea na pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Mimi nilifika mbali kuliko wao, tena kwa ndege. Najisifu, ndiyo. Nimeyatolea jasho.

Asubuhi moja nilikwenda Usoke kumsalimia shangazi aliyenilea. Alikuwa barazani akichambua majani ya tumbaku. Kwetu mdogo huinama na kupiga makofi taratibu, na mkubwa huitikia kwa makofi. Nikainama, nikapiga.

"Shikamoo, shangazi."

Mkono wake wa kushoto ulinyanyuka. Wa kulia ulibaki mapajani, juu ya majani. Akanitazama kimya.

Mkubwa akikunyima makofi, amenuna, na aliyenuna huombwa radhi kwa kitu. Binti yake shangazi akaangua kicheko. "Umekwisha, kaka! Kitenge alichokuagiza kiko wapi?"

"Nitampa jogoo."

"Jogoo? Tajiri wa Uarabuni? Leta mbuzi, bahili wewe!"

Basi tukawa tunafukuza jogoo uani, tunacheka, huku ubongo wa shangazi ukikosa damu. Nilipompelekea yule jogoo nikaona mdomo wake umepinda, mate yanachuruzika upande mmoja. Kicheko kilinikauka.

Jirani akasema ni upepo mbaya, akandwe mafuta kwanza. Nikakataa. Nikambeba hadi kwenye pikapu, bintiye akamshika kichwa, tukaenda hospitali mjini Tabora.

Daktari alituonyesha picha ya kichwa. Ni kiharusi, akasema. Bonge la damu limeziba mshipa, na sehemu inayolishwa na mshipa ule ndiyo inayotengeneza maneno na kuongoza mkono wa kulia. Mimi nimefunga mabomba kwenye majengo marefu. Bomba likiziba, nyumba hukaa wiki nzima bila maji, na ukilizibua, bafu ni lile lile. Ubongo hausubiri hivyo.

"Atasema tena?" nikauliza.

"Sijui," akajibu.

Siku zikapita. Shangazi hakuweza kusema hata neno "maji". Hakuweza kumwita bintiye. Kisha Jumapili wakaja wodini akina mama wa kwaya yake ya kanisa la Kimoraviani, wakaanza kuimba polepole. Shangazi akaimba nao. Maneno yote, ubeti kwa ubeti! Nikamwita muuguzi aje aone. Muuguzi akaeleza kwamba wimbo unaweza kupita njia nyingine kichwani, na kwamba sehemu za ubongo zilizosalimika, zikizoezwa, huweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa. Nimesoma, nimesafiri, lakini sijawahi kuona bomba likijitafutia njia mpya ukutani.

Tangu hapo tulizungumza naye kwa kuimba. Mimi, mtu mzima mwenye stashahada, niliimba habari za uji na dawa mpaka wagonjwa wengine wakaniomba ninyamaze.

Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu Isevya. Siku moja nikampikia mlenda kwa mikono yangu, nikausifia kama kawaida yangu. Akaonja. Akafumba macho, akahema, midomo ikatafuta neno. Hakuimba.

"Chumvi," akasema. "Ha… hamna."

Nilikimbilia jikoni machozi yakinitoka, nikarudi na kopo zima.