Ndoo, Jembe na Mwanga

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dada yangu mdogo alikuwa akitafuta nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Ili aipate, ilibidi aeleze kazi yake mbele ya watu wasioijua. Akaja nyumbani Mumbuni kufanya mazoezi na mimi, niliyemaliza shule fomu foo kisha nikamaliza viti vya sebuleni kwa kuvikalia.

"Ukielewa wewe, kila mtu ataelewa," alisema.

Nilimshukuru, nikakaa kumsikiliza.

Akaeleza. Mawasiliano ya dunia hupita kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mwanga ukifika njia panda, hugeuzwa umeme, huelekezwa, kisha hugeuzwa mwanga tena. Yeye alitaka uhamie njia nyingine ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, bila kusimama. Unapasha moto sehemu moja tu ya kipande hicho, mwanga unageuka njia, basi.

"Umeelewa nini?"

"Ukucha."

Akafunga macho. Usaili ulikuwa kesho yake.

Mvua ikaanza. Kwetu mvua ikinyesha unatoka na jembe kuyaelekeza maji ya barabarani kwenye matuta ya shamba, kabla jirani hajakuwahi. Mama akaita kutoka jikoni, "Wewe, maji yanaenda kwa wenyewe!"

Jembe sikuliona. Nikachukua ndoo. Nachota barabarani, nakimbia, namwaga shambani, narudi. Maji mengine yalikuwa yakinipita tu.

Dada alicheka barazani mpaka akashika nguzo. Halafu akaninyooshea kidole.

"Endelea. Usiwache."

"Nisaidie basi."

"Wewe ndio mtambo wa siku hizi. Unashika, unabeba, unamwaga."

Mama akatoka na jembe, akanipita, akakata udongo kidogo mdomoni mwa mtaro. Maji yakageuka yenyewe, yakiendelea kukimbia, yakashuka kwenye matuta.

"Na huyo?" nikauliza, nikitona maji.

"Huyo ndiye ukucha."

Wiki kadhaa baadaye dada alipiga simu kwa jirani, nikaitwa.

"Wasaili walikuwa wamenuna mpaka nilipofika kwa kile kisa cha ndoo yako. Mmoja aliuliza kama ulipona."

"Na nafasi?"

"Wamenipa. Mwambie mama."

Mama nilimkuta shambani, mahindi yakimfika magotini. Nilipomwambia, akasema upande ule ulioshiba maji hautavunwa mpaka msichana ale mahindi mabichi kabla ya kusafiri.

"Na wewe," akaongeza, "siku ile jembe lilikuwa nyuma ya mlango. Linakaa hapo tangu uzaliwe."