Meno Yangu Kwenye Mkia wa Kakakuona

Enzi zetu pale Ntoto shikleti, ile pipi ya kutafuna, hatukuijua, tulitafuna nta. Wawindaji walitoka msituni na asali, na masega yakishakamuliwa waliyaleta kwa Papa, baba yangu, aliyetengeneza mapambo ya bronzi. Umbo alilichonga kwanza kwa nta, akalifunika kwa udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe wa Masisi, akalichoma hadi nta ikayeyuka yote. Kwenye tundu lililobaki alimimina bronzi ya kengele zilizopasuka, kisha akauvunja udongo. Kwa hiyo kila kazi yake ilikuwa moja tu. Vijana wa leo, wanaodhani kila kitu kina kopi kwenye simu, hili haliwaingii.

Siku moja alichonga kakakuona, mkia wake uwe mpini wa mlango wa kanisa. Nta ilinukia asali, nami kwa uroho wangu nikauma ncha ya mkia. Nikajificha jikoni kwa bibi nikingoja fimbo. Papa alizitazama alama za meno yangu manne, akacheka mpaka akakaa chini.

"Acha ibakie vile. Kila muntu mwenye ataingia kwa kanisa atashika meno ya mutoto wangu."

Na walishika, wakulima wetu na wauza maziwa wa Masisi, mkia ukang'aa kwa viganja vyao. Vita vilibeba kazi zake nyingine zote. Alipokufa, alibaki kakakuona peke yake.

Mwezi uliopita nikakuta kanisa lina mlango mpya wa bati. Nikamuuliza katibu wa kanisa, tuliyesoma naye darasa moja. Akanijibu bila haya:

"Dada, ile kitu ya zamani tuliuzishaka kwa benye kununua vyuma."

Nikapanda pikipiki hadi Kitshanga waliko wanunuzi hao, na kwenye lundo la vyuma nikamkuta, amekatwa kwa msumeno ili aenee guniani. Nikaokota ncha ya mkia.

"Mama, hako kadogo utafanya nako nini?" mwenye lundo akauliza.

Yeye hana kosa. Kosa ni letu, tulioushika mkia ule kila Jumapili na hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

Enzi zetu mtoto aliharibu, na mzee akajua la kufanya. Leo walioharibu ni wazee wenzangu. Jumapili nausukuma mlango wao kwa bega. Mkono siutoi mfukoni: umeshika meno yangu.