Mtamba wa Mgeni Rasmi

Mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shule yangu ikaishia darasa la pili. Mama akanipeleka kwa mfugaji mmoja kwenye mbuga za Handeni, akaniachia shuka moja, akarudi zake. Nikachunga ng'ombe wa mtu. Jua langu, mvua yangu, fisi wangu, maziwa ya mwenye ng'ombe. Nilichunga mpaka ndevu zikaota. Siku naondoka nilipewa mtamba mmoja mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani. Ng'ombe wangu wote wametokana na huyo. Siku ile niliapa: mali ya mtu sichungi tena.

Nimelisema hilo mapema ili ujue niliingia na nini kwenye mahafali ya Korogwe.

Uzeeni nilijiandikisha mafunzo ya wafugaji yaliyoletwa pale Korogwe na chuo kikuu kimoja. Nyumbani walinicheka. Wacheke. Nilitaka kukaa darasani nimalize, japo mara moja. Mahafali yalipokaribia, mwalimu wetu, binti wa umri wa mjukuu wangu, akaniita pembeni.

"Shikamoo mzee wangu. Tunaomba utuletee mtamba mmoja, mgeni rasmi aone mifugo ya wanafunzi."

"Marahaba. Wa kuonyesha tu?"

"Wa kuonyesha tu, mzee. Jioni unarudi naye."

Mimi sipeleki kibovu mbele za watu. Nilimchagua mwekundu mwenye baka lilelile kifuani. Kwenye zizi zima, rangi ile alikuwa amebaki nayo yeye peke yake. Nikampakia kwenye kenta, tukaenda.

Walinivika joho, wakaniweka mstari wa mbele, kamba ya ng'ombe mkononi. Lile joho lilikuwa zito, na turubai lilikuwa limeshusha joto lote juu ya vichwa vyetu. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa serikali, akachelewa. Nilitaka kutoka nikajisaidie, askari akanirudisha: mgeni yuko njiani, hakuna kutoka. Nikakaa. Mama mmoja wa Mashewa, mwanafunzi mwenzangu, akanichokoza.

"Babu, leo anahitimu nani, wewe au ng'ombe?"

"Ng'ombe. Mimi nimemsindikiza."

Mgeni alipofika na hotuba zikaisha, mshereheshaji akapandwa na mori wa kipaza sauti. "Mheshimiwa, wanafunzi wako wamesema hutaondoka mikono mitupu! Mzee wetu huyu anakukabidhi zawadi ya mtamba!"

Vigelegele. Ngoma. Watu wakasimama.

Nikamtafuta mwalimu kwa macho, nikamkuta anaangalia viatu vyake. Nyuma yangu umati, mbele yangu kamera, pembeni yule askari. Kamba nilikuwa nimejizungushia mkononi, na ng'ombe kwa zile kelele alikuwa anaivuta, inanikata. Niseme hapana? Wenzangu waaibike, chuo kiaibike, niitwe mzee mchoyo kuanzia Korogwe mpaka kwangu? Niseme ndiyo, na sijatoa?  

Mgeni akanijia. Umri wake ni wa mwanangu wa kwanza. Akainama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Huyu ng'ombe ni wa chuo?"

"Wangu."

"Umenipa wewe?"

"Amekupa yule anayepiga kelele."

Akatabasamu kwa ajili ya kamera, lakini jasho lilikuwa linamtoka. "Mzee, nikimkataa hapa watasema nimewadharau. Nikimchukua nitampeleka wapi? Mimi nakaa ghorofani."

Kumbe tulikuwa tumenasa wote wawili. Ila yeye alikuwa na kipaza sauti.

"Nimempokea kwa mikono miwili!" akatangaza. "Na kwa kuwa ufugaji siujui, namwacha kwa mzee wangu anitunzie! Ndama ni wangu, maziwa ni ya mzee!"

Watu wakalipuka. Akaniminya mkono kama mtu aliyenitoa shimoni.

"Babu, umepona!" Mama wa Mashewa akanirukia. "Ng'ombe wako anarudi!"

"Ng'ombe wa nani anarudi?" nikamuuliza. Hakunielewa.

Wakati wa kumpakia, mwalimu alinifuata akilia. "Nisamehe mzee. Mshereheshaji hatukumwambia hivyo. Yule mheshimiwa kesho atakuwa ameshasahau. Mchukulie tu ni wako."

"Binti, amepokea mbele za watu. Asahau asisahau, ni wake."

Hivyo ndivyo nilivyorudi nyumbani Handeni, nimekaa kwenye kenta na joho langu, nachunga ng'ombe wa mtu.

Mgeni hajawahi kuja wala kuuliza. Mtamba amezaa ndama jike, ana baka kifuani. Wanangu wananisumbua: "Baba, muwekee alama yetu sikioni, nani atajua?" Nitajua mimi. Nikisikia gari barabarani, naangalia kama linakata kona kuja kwangu. Likipita, najilaumu kwa kufurahi.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba vinne. Nina kisima. Nina shamba la mahindi, na pikipiki moja. Nina cheti, kimetundikwa sebuleni. Nina mbuzi kumi na saba. Nina ng'ombe thelathini na mmoja.

Zizini wanalala thelathini na watatu.